Kanisa Kuu la Nidaros: Je, Kilichojengwa Upya ni cha Kale?

Wahenga walinena kwamba ya kale ni dhahabu. Hawakufafanua, hata hivyo, ni lini kitu kinastahili kuitwa cha kale, wala hawakusema iwapo dhahabu iliyoyeyushwa na kufuliwa upya ingali dhahabu ile ile. Swali hili laweza kuonekana kama mchezo wa maneno, lakini limewashughulisha waashi, wachongaji, wanahistoria na wanasiasa wa Norwe kwa muda unaozidi karne moja unusu. Kiini cha mjadala wenyewe ni Kanisa Kuu la Nidaros lililoko katika mji wa Trondheim, kanisa kubwa kuliko yote yaliyojengwa nchini humo katika Enzi za Kati.

Mgeni anayesimama mbele ya uso wa magharibi wa kanisa hili huona safu juu ya safu za manabii, mitume, watakatifu na wafalme waliochongwa kwa jiwe. Huona dirisha kubwa la mviringo lenye umbo la waridi, na minara miwili iliyolikumba dirisha hilo kulia na kushoto. Aghalabu mgeni huyo hudhani kwamba anaitazama kazi ya karne ya 13. Ukweli ni kwamba sehemu kubwa ya anachokitazama ni kazi ya karne ya 20, na sanamu ya mwisho katika safu hizo iliwekwa mahali pake mwaka 1983. Wapo wanaohitimisha kutokana na ukweli huo kwamba uso wa Nidaros ni ghushi, vazi la kuazima lililovishwa gofu. Wapo pia wanaousifu kana kwamba haujawahi kuguswa tangu ulipojengwa. Makala haya yanashikilia kuwa pande zote mbili zimepotoka, na kwamba mwanafunzi wa fasihi, ambaye kazi yake ni kusoma matini zilizopitia mikono mingi, ana neno la kusema katika jambo hili.

Ni muhimu kwanza historia ya jengo lenyewe ieleweke. Tarehe 29 Julai 1030 mfalme Olav Haraldsson aliuawa vitani Stiklestad, kaskazini mashariki mwa Trondheim, mji ambao wakati huo ulijulikana kama Nidaros kwa sababu uko kwenye mlango wa mto Nid. Mwaka uliofuata mwili wake ulifukuliwa, na kwa mujibu wa masimulizi ya Kiaislandi ulikutwa haujaoza, nywele na kucha zikiwa zimeendelea kukua. Askofu Grimkell akamtangaza kuwa mtakatifu. Mfalme aliyeshindwa vitani akawa, kwa kifo chake, mwenye nguvu kuliko waliomshinda. Mahujaji wakaanza kumiminika kaburini, na karibu mwaka 1070 mpwa wake, mfalme Olav Kyrre, akaanza kujenga kanisa la mawe mahali hapo. Kisima kilichomo ukutani mwa kanisa la leo kinahusishwa na chemchemi ambayo, kwa mapokeo ya watu, ilibubujika pale mtakatifu huyo alipozikwa.

Hadhi ya mahali hapo ilipanda zaidi mnamo 1152 hadi 1153, wakati mjumbe wa Papa, Kardinali Nicholas Breakspear, alipoifanya Nidaros kuwa makao ya askofu mkuu. Kardinali huyo mwenyewe alikuja kuwa Papa Adrian wa Nne mwaka 1154, Mwingereza wa pekee kuwahi kushika wadhifa huo. Jimbo la Nidaros lilikusanya majimbo ya Norwe pamoja na ya Aislandi, Grinlandi, visiwa vya Faroe, Orkney, Hebrides na Man. Kanisa lililokuwa la kaburi la mfalme mmoja likawa kitovu cha ulimwengu mzima wa bahari ya kaskazini, na kanisa la aina hiyo halikuweza kubaki dogo.

Aliyebeba jukumu la kulikuza ni Askofu Mkuu Eystein Erlendsson, aliyeongoza kuanzia 1161 hadi 1188. Msomaji anayeyachunguza mawe ya Nidaros anaweza kuyasoma maisha ya askofu huyu kama anayesoma sura za kitabu. Mbawa mbili za msalaba wa kanisa, ambazo ni miongoni mwa sehemu kongwe zilizosalia, zilijengwa kwa mtindo wa Kiromaneski: kuta nene, madirisha madogo, na matao ya nusu duara yaliyopambwa kwa nakshi za pembepembe. Kisha siasa ikaingilia kati. Eystein aligombana na mfalme Sverre, akakimbilia Uingereza mwaka 1180, na hakurejea hadi 1183. Huko alikuta mtindo mpya wa Kigothiki umeanza kushika mizizi, hususan Canterbury, ambako kanisa lililoungua mwaka 1174 lilikuwa likijengwa upya kwa heshima ya Thomas Becket, askofu mkuu mwenzake aliyeuawa kwa kuzozana na mfalme. Baada ya Eystein kurejea, kuta za Nidaros zikabadilisha lugha. Matao yakachongoka, nguzo zikawa nyembamba, mwanga ukaruhusiwa kuingia. Upande wa mashariki pakajengwa sehemu ya pembe nane iliyokizunguka kitovu cha hija, yaani altare kuu na sanduku la fedha lililohifadhi mwili wa Olav, ili mahujaji waweze kulizunguka pasipo kuivuruga ibada.

Ujenzi uliendelea baada ya kifo chake. Sehemu ya kwaya na ukumbi mkuu wa waumini zilifuata katika karne ya 13, na mwaka 1248 Askofu Mkuu Sigurd Eindridesson akaweka msingi wa uso wa magharibi. Malighafi iliyotumika kwa wingi ni jiwe la sabuni, la jamii moja na lile linalochongwa Tabaka kule Kisii. Jiwe hili ni laini kwa patasi, na kwa hivyo lilimpa mchongaji uhuru wa kutoa majani, nyuso na mikunjo ya nguo kwa umakinifu mkubwa. Kufikia takriban mwaka 1300 kanisa lilikuwa limekamilika, likiwa na urefu wa mita 102 na upana wa mita 50.

Ukamilifu huo haukudumu. Moto ulilikumba kanisa mwaka 1328, ukarejea 1432, na tena 1531. Baada ya moto wa tatu ukumbi mkuu uliachwa bila paa, na waumini wakajibana katika sehemu ya mashariki. Miaka sita baadaye, yaani 1537, Mageuzi ya Kanisa yalifika Norwe kwa amri ya mfalme wa Denmaki. Askofu Mkuu wa mwisho, Olav Engelbrektsson, alitoroka nchi. Sanduku la fedha la mtakatifu likapelekwa Copenhagen na kuyeyushwa. Mnamo 1568 kaburi alimokuwa amelazwa Olav lilifukiwa ndani ya kanisa, na hadi leo mahali lilipo hapajulikani. Kanisa lililojengwa kwa ajili ya kaburi likawa halijui tena kaburi liko wapi! Mioto mingine miwili ilifuata, mwaka 1708 na 1719, huu wa pili ukisababishwa na radi. Waliolikarabati waliweka paa jipya lenye umbo la kuba kwa mtindo wa karne yao, na ukumbi wa magharibi ukaendelea kunyeshewa na mvua.

Usipoziba ufa utajenga ukuta, na Wanorwe waliujenga kwa miaka 132. Kazi ya kulifufua kanisa ilianza rasmi mwaka 1869 na kutangazwa kuwa imekamilika mwaka 2001. Sababu yake haikuwa ya kidini pekee. Norwe ilikuwa imetawaliwa na Denmaki kwa karne nyingi, kisha ikaunganishwa na Uswidi kuanzia 1814 hadi 1905. Katiba ya 1814 iliagiza kwamba wafalme watawazwe Trondheim, na hivyo gofu lile likawa kielelezo cha taifa lililokuwa likijitafuta. Kulisimamisha kanisa lililoanguka kulikuwa sawa na kulisimamisha taifa. Haikuwa sadfa basi kwamba mwaka 1906, mwaka mmoja baada ya muungano na Uswidi kuvunjika, Haakon wa Saba na malkia wake Maud walivikwa taji humo. Wala haikuwa sadfa kwamba ukumbi mkuu uliwekwa wakfu upya mwaka 1930, miaka 900 kamili baada ya Stiklestad.

Ugumu ulijitokeza katika namna ya kuifanya kazi. Msanifu Christian Christie, aliyeisimamia kuanzia 1872 hadi 1906, aliongozwa na mabaki yaliyokuwepo: pale alipopata kipande cha nguzo alikitumia kuchonga nguzo nzima. Mgala muue na haki yake mpe: bila uvumilivu wake, sehemu ya pembe nane na kwaya zisingesimama. Lakini uso wa magharibi ulikuwa suala jingine. Sehemu yake ya juu ilikuwa imeporomoka zamani, na ushahidi mkuu uliosalia ulikuwa mchoro uliochapishwa na Jacob Maschius mwaka 1661, wakati ambapo sehemu hiyo ilikuwa tayari imekwisha kutoweka. Hakuna aliyejua minara ilifika wapi. Olaf Nordhagen alipendekeza jibu moja, wengine wakalipinga. Frederik Macody Lund alichapisha nadharia mwaka 1919 akidai kwamba vipimo vya kanisa vilifuata kanuni ya siri ya kihisabati, na kwamba kwa kuitumia kanuni hiyo jengo zima lingeweza kukokotolewa. Tume ya kimataifa iliyoundwa kuichunguza iliikataa. Hatimaye mpango wa Helge Thiis ndio uliotekelezwa, na minara ikakamilika katika miaka ya 1960.

Hapa ndipo hoja ya wapinzani inapopata nguvu. Tangu mwaka 1849 mhakiki Mwingereza John Ruskin alikuwa ameshikilia kwamba kulirejesha jengo katika hali yake ya zamani ni uongo, kwa kuwa mkono uliolichonga umekwisha kufa na roho yake haiwezi kuitwa irudi. Kwa upande wa pili, Mfaransa Viollet-le-Duc aliamini kuwa mrejeshaji anaweza kulifikisha jengo kwenye ukamilifu ambao pengine halikuwahi kuwa nao. Mwaka 1964 wataalamu waliokutana Venice walikubaliana juu ya mkataba uliosema kwamba kazi ya kurejesha sharti ikome pale ubunifu wa kukisia unapoanza. Inashangaza kwamba katika muongo ule ule, kule Trondheim, minara iliyokisiwa ilikuwa ikimaliziwa.

Je, basi, Nidaros ni ghushi? Jibu la makala haya ni hapana, na sababu yake inapatikana katika fasihi. Katika kipindi kile kile ambacho Nidaros ilipata askofu mkuu, mshairi wa Kiaislandi Einarr Skúlason alighani ndani ya kanisa hilo utungo wake *Geisli* wa kumsifu Mtakatifu Olav, mbele ya wafalme na viongozi wa dini. Kanisa alilosimama ndani yake, lile la Olav Kyrre, lilimezwa na jengo kubwa lililofuata. Utungo, kwa upande wake, umetufikia kwa njia ya nakala, mojawapo ikiwa katika kitabu cha ngozi kiitwacho *Flateyjarbók*, ambacho kilianza kuandikwa mwaka 1387, zaidi ya karne mbili baada ya sauti ya mshairi kunyamaza. Hakuna mhakiki anayedai kwamba *Geisli* ni ghushi kwa kuwa wino wake si wa 1153. Wasomaji wa tenzi za kale za Kiswahili hawahitaji kufafanuliwa zaidi: takriban zote zimesalia kwa sababu kuna aliyeketi akazinakili, na aliyemfuata akainakili nakala.

Kama kunakili ni njia halali ya utungo kuendelea kuishi, hakuna sababu ya kumnyima mwashi kile anachopewa katibu. Mchongaji anayeweka jiwe jipya la sabuni mahali pa jiwe lililoliwa na baridi, akifuata mkato ule ule na kwa patasi ya aina ile ile, anafanya alichokifanya mnakili wa *Flateyjarbók*. Jengo la mawe halikuwahi kuwa kitu kilichokoma kubadilika siku moja. Hata katika Enzi za Kati, waliolianza kwa matao ya duara walilimaliza kwa matao yaliyochongoka. Wanaotaka jengo libaki lilivyoanguka wanausahau ukweli huo, na wanakipa kifo cha jengo heshima kuliko uhai wake.

Hata hivyo, kuna tofauti kubwa baina ya kunakili na kutunga, na hapa ndipo wanaolisifu kanisa pasipo kubagua wanapopaswa kuulizwa maswali. Mhariri anayekuta ukurasa mmoja wa muswada umeraruka anaweza kufanya mambo mawili. Anaweza kuacha pengo na kueleza kuwa kuna pengo. Au anaweza kutunga beti zake na kulijaza. Akifanya hili la pili na kutangaza, amekuwa mshairi mwenzi wa yule wa kwanza. Akilifanya na kunyamaza, amemdhulumu msomaji na amemdhulumu mtunzi. Nidaros ina tabaka zote tatu: kuna yaliyosalia, kama vile kuta za mbawa za msalaba, kuna yaliyonakiliwa kwa ushahidi, kama sehemu nyingi za pembe nane na za chini za ukumbi, na kuna yaliyotungwa, yaani sehemu ya juu ya uso wa magharibi, minara yake, sanamu zake nyingi, pamoja na vioo vya rangi vilivyobuniwa na Gabriel Kielland katika miongo ya kwanza ya karne ya 20. Kuyaita yote hayo "kazi ya Enzi za Kati" ni kuzifuta tabaka hizo kwa neno moja.

Hasara ya kuzifuta si ndogo. Kwanza, inawahusisha watu wa 1248 na mawazo ya watu wa 1930. Uso ule wa magharibi unaeleza kwa ufasaha jinsi taifa changa la Norwe lilivyotaka kujiona baada ya 1905. Anayeusoma kama ushahidi wa karne ya 13 anaisikiliza sauti moja akidhani ni nyingine. Pili, inawanyima wasanii wa karibuni haki yao. Gustav Vigeland, aliyekuja kuwa mchongaji mashuhuri kuliko wote nchini humo, alichonga vinyago vya mifereji ya maji ya kanisa hili alipokuwa kijana mwishoni mwa karne ya 19. Kristofer Leirdal alichonga sanamu ya Malaika Mkuu Mikaeli iliyowekwa juu ya mnara wa kaskazini magharibi mwaka 1969, na baadaye akafichua kwamba uso wa malaika huyo aliutoa kwa mwimbaji wa Marekani, Bob Dylan, ambaye alimwona kuwa mmoja wa waliovipinga vita vya Vietnam. Anayecheka akisikia habari hiyo na acheke, lakini atafakari pia. Leirdal alifanya jambo ambalo wachongaji wa kale hawakuliogopa: aliweka zama zake ndani ya jiwe. Malaika yule ni mkweli kuliko sanamu nyingi zilizo chini yake, kwa sababu ukimjua humchanganyi tena na wa karne ya 13.

Tatu, tabaka zilizoondolewa nazo zina haki. Lile paa la kuba la karne ya 18 liliondolewa ili kanisa lirejee kwenye Ugothiki wake. Kizazi kilichojibana katika nusu ya kanisa na kuikarabati kwa uwezo wake mdogo kiliondolewa katika hadithi ya jengo, kana kwamba kati ya 1537 na 1869 hakukuwa na mtu aliyesali humo. Mhariri anayerudi kwenye muswada wa kwanza kwa kuvichana vile vya katikati huenda akaupata uzuri, lakini huwa ameupoteza ushahidi wa namna utungo ulivyoishi.

Yupo atakayejibu kwamba kanisa ni nyumba ya ibada, si maktaba, na kwamba anayepiga magoti hahitaji tanbihi. Hoja hii ina uzito, lakini haipingani na inayotolewa hapa. Msomaji wa utenzi anaweza kuufurahia bila kutazama maelezo yaliyo chini ya ukurasa. Kuwepo kwa maelezo hayo hakumpunguzii ladha. Wenyeji wa Nidaros wenyewe wameonyesha kuwa jambo hili linawezekana. Katika makumbusho ya Kasri la Askofu Mkuu, hatua chache kutoka kanisani, sanamu asilia zimehifadhiwa ndani ya nyumba ili hali ya hewa isizimalize. Nakala husimama nje na kufanya kazi. Asili hukaa ndani na kutoa ushahidi. Muswada na toleo lililohaririwa vinaishi ua mmoja, na kila kimoja kinajulikana kwa jina lake.

Huo ndio mwenendo unaopaswa kufuatwa katika kila simulizi, kila kijitabu na kila somo linalohusu kanisa hili. Asiliwe na aibu anayesema kuwa mnara ulitungwa na Thiis, wala asione fahari anayeuficha ukweli huo ili jengo lionekane na umri mkubwa zaidi. Tangu 2001 mafundi wa Nidaros hawajaweka patasi zao chini, kwa maana jiwe la sabuni linaendelea kuliwa na mvua na theluji, na kila mwaka kuna jiwe linalohitaji mrithi. Kazi hiyo itaendelea kuwa ya heshima mradi anayeirithi aseme ni nini alichokirithi na ni nini alichokiongeza. Dhahabu iliyofuliwa upya ni dhahabu. Sonara mwaminifu ni yule anayemwambia mnunuzi kwamba ameifua.